Povu Likinyamaza

Baba mkwe wangu ni kinyozi, na mtaani wanamwita Mzee Povu. Mgeni akilisikia jina hilo hudhani ni mtu wa hasira, wa kufoka kutwa. Wapi. Ni mpole mpaka anakera. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Jina lilitokana na bakuli lake na brashi yake ya mpini wa mti, na povu analolitoa humo, zito, la kung'aa, linalokaa shavuni bila kudondoka mpaka mwenye shavu amalize kusimulia matatizo yake yote.

Mimi ni mke wa mwanawe. Mume wangu anaendesha lori la mizigo na hana hata chembe ya ukinyozi. Mpe mkasi uone atakavyoushika kwa ncha za vidole. Kwa hiyo saluni tunaikalia wawili, mimi na baba yake. Kiti cha mlangoni ni changu, nanyoa nywele kwa mashine. Kiti cha ndani, karibu na sinki, ni chake, na hapo mashine haifiki. Hapo ni maji ya moto, sabuni, brashi na wembe.

Ngoja niwaeleze anavyolipiga povu, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Kwanza anailoweka brashi kwenye kikombe cha maji ya moto, yasiyounguza, anaiacha humo mteja akilegezwa kola na kufungwa kitambaa. Kisha anaitoa, anaikung'uta, anaizungusha juu ya sabuni mpaka manyoya yashike kitu kizito kama uji ulioganda. Wengine hapo tungekimbilia shavuni. Yeye ndiyo kwanza anaanza. Anahamia kwenye bakuli, anachovya vidole kwenye maji, anadondoshea kidogo, anazungusha. Anadondoshea tena, anazungusha. Na muda wote huo halitazami bakuli hata mara moja. Anatazama dirishani, anaulizia watoto wa mteja, sikio kaliinamisha upande wa mkono.

Anasikiliza. Povu bichi lina kelele, linabwata kwenye kuta za bakuli na mapovu makubwa yanapasuka hovyo. Likiiva, linanyamaza. Brashi inazunguka usisikie kitu, na hapo ndipo anapoligusa kwa kidole gumba na kusema, "Tayari."

La kwangu halijawahi kunyamaza. Nimejaribu, nimeloweka, nimezungusha mpaka kiwiko kikaniuma, na kila nikimpelekea analisikiliza kidogo, anatabasamu, anasema, "Mwanangu, hili tufulie soksi."

Sasa mtu anayefanya kazi kwa sikio na kidole gumba anaweza kuficha mambo mengi. Macho ya Baba yalikuwa yanakwenda, na saluni nzima haikujua. Mimi nilijua kwa sababu nakaa naye. Nyumbani alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe, halafu analilaumu birika. Asubuhi moja aliliamkia koti la mume wangu lililotundikwa msumarini, akaliuliza limelalaje, na lilipokaa kimya akaniambia huyu mtoto siku hizi ana kiburi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha kicheko kikanikauka, maana nilikumbuka kwamba baada ya chai mtu huyu huyu anakwenda kushika wembe.

Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu. Kwamba siku moja atamkata mtu, labda shavuni, labda kooni, na mimi ndiye nitakayelazimika kumnyang'anya wembe mbele za watu. Na kumnyang'anya ule wembe ni kumwambia aende nyumbani akakae. Nilimpigia mume wangu simu nikamwambia, "Ongea naye, ni baba yako." Akanijibu, "Ongea naye wewe, ndiye uko naye kila siku." Lori zima analigeuza kwenye uchochoro, lakini baba yake anamwogopa. Nilipojikaza mwenyewe kutaja habari za miwani, mzee alisema macho yake yameona mengi, yana haki ya kuchoka, akaomba apewe taulo.

Upande wa pili wa barabara, mlango kwa mlango na sisi, yuko rafiki yake. Ni fundi cherehani, na jina lake mtaani ni Masharubu, kwa sababu ukimwona unaona masharubu kwanza, halafu baadaye ndipo unaona kwamba nyuma yake yuko mtu. Mapana, yamepinda ncha, meusi ti. Ule weusi ulikuwa wa dukani, alikuwa anayapaka rangi kila wiki, lakini hilo ni jambo ambalo mtaa mzima ulikuwa umekubaliana kutolisema.

Wazee hawa wawili wanatumikiana. Huyu anamnyoa yule ndevu, yule anamshonea huyu nguo, na ubishi ni nyongeza ya bure. Mwaka ule fundi alimshonea Baba koti jipya jeupe la kazi. Naye fundi macho yalishaanza kumchezea, uzi anaukosesha tundu la sindano mpaka mkewe amtungie, lakini ukimtajia miwani anakuwa mkali. Koti likatoka kama lilivyotoka. Ubavu mmoja wa kola ulikuwa mpana karibu ufike begani, wa pili umebaki kidogo tu, na mfuko wa kifuani umelala upande kama unataka kuanguka. Baba alilivaa, akajipapasa mabega, akasimama mbele ya kioo ambacho nina hakika hakukiona, akasema, "Bwana wee, limenikaa." Fundi akajibu kwamba hiyo ndiyo kazi ya mikono, si haya mambo ya viwandani. Mimi nikajifanya nimeingiwa na nywele jichoni.

Basi, fundi akasafiri kwenda kwa binti yake kuona mjukuu. Alikaa huko muda mrefu, na kumbe rangi ilimwishia, au mjukuu alimlegeza moyo, mimi sijui. Siku aliyorudi nilikuwa nimesimama mlangoni nakung'uta kitambaa, nikamwona anateremka mtaani na masharubu meupe pee. Muuza magazeti wa pale kwenye kona, mtu asiyejua kumeza neno, alimwambia, "Fundi, umekunywa maziwa hukufuta mdomo?" Mtaa ukaangua kicheko. Fundi akapita kichwa juu mpaka kwetu.

Baba alikuwa nyuma anachemsha maji, hakusikia. Alitoka na birika, akapeana mkono na mwenzake, wakashikana muda mrefu kama kawaida yao.

"Mjukuu hajambo?" Baba akauliza.

"Hajambo kabisa. Nguvu anazo." Fundi akasimama pale mbele yake, uso ameuweka juu, anangoja. Mimi pia nilikuwa nangoja, maana Baba hangeliacha jambo kama lile lipite bila utani wa wiki nzima. "Huoni kitu?" fundi akasema.

"Naona umekonda," Baba akasema. "Kaa."

Fundi hakukaa papo hapo. Alinitazama mimi kwenye kioo. Nilianza kufagia nywele ambazo hazikuwepo. Kisha akakaa, akafumba macho, Baba akaloweka brashi.

Nataka mwelewe jinsi alivyokuwa anamnyoa mtu huyu siku zote. Povu lilikuwa linapakwa uso mzima, kwa duara kwanza ili vindevu viinuke, halafu juu na chini, na yale masharubu meusi yalikuwa yanatokeza katikati ya weupe kama mpaka wa shamba. Wembe ulikuwa unafika pale unageuka. Macho yawe mabovu kiasi gani, weusi kwenye weupe yanauona. Siku hiyo hakukuwa na mpaka. Weupe juu ya weupe.

Mimi nilikuwa nimeshapata mteja kitini kwangu, na muuza magazeti amekwishaingia na kukaa kwenye benchi na wengine wawili waliokuwa wanangoja zamu. Niligeuka kuchukua poda. Baba alikuwa ameshapita juu ya mdomo upande wa kulia. Nusu ya masharubu ya fundi ilikuwa juu ya wembe, na nusu bado ilikuwa juu ya fundi.

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Kwanza, ukimshtua mtu aliyeshika wembe ndiyo utaita damu. Pili, niambieni, nusu ya masharubu inamfaa nani? Mashine ilikuwa inanguruma hewani mkononi mwangu, mteja wangu ananiuliza kama umeme una matatizo. Baba akapita upande wa kushoto, taratibu, kwa ule mkono wake mwepesi, akasafisha kila kitu.

Akimaliza huwa anapitisha kidole gumba usoni kutafuta palipobaki. Kikapita shavuni, kikapita kidevuni, kikafika juu ya mdomo. Kikasimama. Kikarudi, kikapita tena, polepole. Rangi ilimtoka mzee wa watu.

Fundi akafumbua macho. Akajitazama kwenye kioo, na mimi nilimtazama akijitazama. Mdomo wake wa juu ulikuwa mrefu na mwororo, umekaa pale kama mgeni asiyejua aketi wapi.

Muuza magazeti alikuwa ameshasimama. "Mzee Povu," akasema, "umefanya nini?"

"Amefanya nilichomwomba," fundi akasema.

"Wewe? Umwombe akunyoe masharubu?"

"Mjukuu ameyavuta mpaka nimechoka. Nikamwambia huyu bwana, nikikaa kitini usiniulize mara ya pili, maana nitaghairi. Ukifika pale, pita tu. Na kweli akapita, hakunihurumia." Akageuza shavu huku na huku kwenye kioo. "Kazi safi."

Uongo wa mchana kweupe. Tangu arudi hawakuwa wameongea neno ambalo sikulisikia. Muuza magazeti akanigeukia mimi, maana anajua sina subira na uongo. "Eti ni kweli?"

"Nimesikia kwa masikio yangu," nikasema. "Na wewe kaa, zamu yako bado."

Habari ikatembea kabla fundi hajavuka barabara. Mkewe alikuja mbio na kanga begani, akamgeuza uso kwenye mwanga, akazunguka nyuma, akaja tena mbele. Tangu aolewe hakuwahi kuuona ule mdomo.

"Kumbe unao," akamwambia. "Nilikuwa naambiwa tu." Akacheka, akashika nguzo ya kibaraza, akacheka tena mpaka machozi. "Yaote upesi, baba. Nimeolewa na masharubu, huyu mwanaume simjui." Siku zile watu walikuwa wanamwita kwa mbali "Masharubu!" kama walivyozoea, akigeuka, wanabaki jina limewakaa mdomoni hawana pa kuliweka.

Lakini mchana wa siku ile ile ya wembe, wateja walipopungua, Baba alifunga mlango nusu, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, mahali pa wateja. Amevaa koti lake, na kola yake ile ya ajabu.

"Uliona?" akaniuliza.

"Niliona, Baba."

"Na ulianza kujua lini?"

"Siku ulipoliamkia koti."

Akacheka, kicheko cha kweli, halafu akajipangusa uso kwa kiganja. "Ingeweza kuwa koo, mwanangu."

Mimi ndiye niliyekuwa nimejiandaa kwa maneno ya kumnyang'anya wembe, nimeyapanga miezi na miezi, na sasa hayakuhitajika. Aliufuta, akaukunja, akauweka kwenye kiganja changu.

"Wembe chukua wewe," akasema. "Bakuli naomba mniachie."

Ile "naomba" ndiyo iliyonimaliza. Nililia pale pale, nimesimama na wembe mkononi kama mhalifu, yeye ananibembeleza mimi.

Kesho yake asubuhi alinifundisha, na alinifundisha kwa uso wake mwenyewe. Alikaa, akafumba macho, akaniambia nilitoe povu mimi, tangu mwanzo, kwa kuwa asiyejua povu hawezi kujua wembe utapita vipi. Niliikung'uta brashi. "Umeikung'uta mno, sasa imekauka, irudishe." Nikaizungusha kwenye sabuni. "Usiikandamize, unavunja manyoya. Iache icheze." Nikahamia bakulini nikamwagia maji. "Umetia ya kuogea. Anza upya." Nilisonya, alisikia, akasema kusonya hakusaidii povu. Nikaanza upya. Matone mawili, zungusha. Tone jingine, zungusha.

"Bado linaongea," akasema. "Likinyamaza, niite."

Nilizungusha huku nanung'unika, na kumbe nikinung'unika mimi ndiyo silisikii. Nikafunga mdomo. Mahali fulani katikati ya kuzungusha, ile kelele ya kubwata ikapungua, ikapungua, nikawa nasikia baiskeli nje na maji ya sinki, na bakuli halisemi kitu. Sikumwita. Nilibaki nimeduwaa.

"Naam," Baba akasema, macho bado kafumba. "Hilo sasa."

Nilimnyoa. Alikuwa amesema atalala usingizi kama fundi anavyolala kila akinyolewa, lakini vidole vyake vilishika mikono ya kiti mpaka mwisho. Hakutoka damu. Mteja wangu wa pili wa wembe akawa fundi mwenyewe, hakuitwa, alivuka tu barabara akakaa. Baba akapiga povu, mimi nikanyoa, na Baba alipokwenda nyuma kumwaga maji nilimwinamia fundi nikamuuliza kile kilichokuwa kinanisumbua. Siku zote akiguswa na brashi tu anakoroma. Siku ile hakukoroma.

"Sikulala," akasema kwa sauti ya chini. "Nilisikia wembe ukipita."

"Na ukanyamaza?"

"Ningepiga kelele mbele ya benchi zima? Haya ni manyoya, mama, yanaota."

Mume wangu hatimaye akapata ujasiri, akaacha lori siku chache, akampeleka baba yake hospitali. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba angeweza kuja zamani sana. Wakampasua jicho la kwanza, halafu baadaye la pili. Nilikuwa naleta uji na kusikiliza malalamiko, maana mzee mpole akifungwa bandeji anakuwa na maneno.

Asubuhi aliyorudi kazini nilikuwa nimepiga deki mara mbili, na bado alisimama mlangoni akasema, "Kumbe saluni hii ni chafu hivi." Akaja akanitazama usoni kwa karibu, akasema nimenenepa, jambo zuri. Akamtazama fundi, aliyekuwa amekwishakaa kitini anamngoja, masharubu yameota nusu, meupe, yamesimama wima kama mswaki mpya. Utani wote aliokuwa amekosa kuutoa ile siku aliutoa wakati huo, na riba juu. Tulicheka kila mtu.

Kisha akachukua koti lake msumarini, akalivaa, akageukia kioo.

Nilimwona akiiona kola, upande huu, halafu upande huu. Akashusha macho kwenye mfuko, akainamisha kichwa kuufuata ulivyolala. Fundi kwenye kiti alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anatazama mikono yake iliyokuwa mapajani, ile mikono ya kazi, na nilielewa kwamba naye alikuwa analiona koti kwa mara ya kwanza, kwa kuliona kwenye uso wa mwenzake.

Muuza magazeti, nani mwingine, alikuwa benchini. "Sasa macho unayo, Mzee Povu," akasema. "Tuambie. Hilo koti unalionaje?"

Baba hakugeuka. Alichukua kitana chake, akakitia mfukoni, akakitoa, akakitia tena.

"Linaonekana nilivyomwagiza," akasema. "Mfuko nilimwambia aulaze, ili kitana kije chenyewe mkononi. Na kola hii pana ni ya upande ninaoinamia. Hakutaka, alibisha sana. Nikamwambia, wewe shona."

"Kwani ulimwagiza hivyo?"

"Huyu alisikia," Baba akasema, akaninyooshea kidole mimi.

"Nilisikia," nikasema.

Brashi ilikuwa imeshaloa. Baba akaikung'uta, akaizungusha kwenye sabuni, akahamia bakulini, akaanza kutazama dirishani kama siku zote, ingawa sasa alikuwa na macho mazima ya kutazamia povu. Fundi alifumba macho yake, akayabana sana.

"Kesho asubuhi unisindikize kwa yule daktari wa macho," Baba akamwambia.

"Si wamesema umepona?"

"Naogopa kwenda peke yangu."

Brashi ilizunguka, ikazunguka, mpaka ikawa haisikiki.

"Haya," fundi akasema. "Nitakusindikiza."

Baba akampaka shavu, akaenda kidevuni, akazunguka masharubu asiyaguse, kisha akanipisha, nami nikaukunjua wembe.